Kalita, Donskoi au Ivan wa Tatu: uanze na yupi ukitaka kuelewa Moscow ilivyopanuka?

Mwaka 1300 Moscow ilikuwa ngome ya mbao kando ya mto, fungu la mtoto wa mwisho katika ukoo wa watemi wa Urusi. Kufikia 1505 mtawala wake alikuwa akitoa amri kuanzia mipaka ya Lituania hadi milima ya Ural. Katika miaka hiyo mia mbili walipita watawala wengi, ila vitabu, filamu na vipindi vya historia huwarudia watatu: Ivan Kalita aliyetawala 1325 hadi 1340, mjukuu wake Dmitri Donskoi aliyetawala 1359 hadi 1389, na Ivan wa Tatu aliyetawala 1462 hadi 1505. Ukiwa na nafasi ya kumsoma mmoja tu kwa kina, uchague nani?

Jibu langu nalitoa mapema ili usihangaike kulitafuta: mchukue Ivan wa Tatu, isipokuwa kama una jioni moja tu, hapo Kalita atakutosha. Wengi huanza na Donskoi kwa sababu ana vita kubwa na jina tamu. Si vibaya, lakini utaondoka na picha kwamba Moscow ilikua kwa upanga, na picha hiyo itakusumbua kila utakaposoma kinachofuata.

Aleksandr Nevsky, mtemi wa Urusi wa karne ya 13, nimemwacha nje makusudi. Alishinda vita mbili mashuhuri, ya mto Neva mwaka 1240 na ya barafu ya ziwa Peipus mwaka 1242, lakini hakupanua nchi; kazi yake ilikuwa kuilinda isivunjike. Ivan wa Nne, yule anayeitwa wa Kutisha, ni wa karne ya 16 na anahitaji makala yake mwenyewe.

Majirani kwanza

Huwezi kumpima yeyote kati ya hawa watatu bila kujua walikuwa wamezungukwa na nani. Kusini-mashariki walikuwapo Watatari wa Orda ya Dhahabu, warithi wa Wamongolia walioiteketeza Urusi kati ya 1237 na 1240. Makao yao yalikuwa Sarai, kwenye Volga ya chini. Hawakukaa katika miji ya Warusi kuitawala siku kwa siku. Walidai kodi, na walidai kwamba hakuna mtemi atakayekalia kiti chake bila hati ya khan, yaani mtawala wa Orda, ambayo Warusi waliiita yarlik. Kiti kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Vladimir, na aliyekipata ndiye aliyeitwa mtemi mkuu.

Magharibi ilikuwapo Lituania, na hapa wasomaji wengi hujikwaa kwa kudhani ni ile nchi ndogo ya leo. Lituania ya karne ya 14 ilimeza Kyiv, Chernigov na ardhi kubwa ya Belarus ya sasa, na mwaka 1404 ikaikamata Smolensk moja kwa moja. Raia wake wengi walikuwa Waslavi Waorthodoksi, wa dini na lugha moja au karibu moja na watu wa Moscow. Mwaka 1386 mtemi wake mkuu, Jogaila, akawa mfalme wa Polandi pia. Kwa hiyo swali la nani atakusanya nchi za Urusi wa kale lilikuwa na wagombea wawili wa kweli, na kwa muda mrefu Lituania ndiyo iliyokuwa ikiongoza.

Kaskazini kulikuwa na Novgorod, jamhuri ya wafanyabiashara iliyotajirika kwa ngozi za wanyama na nta, ikiuza kwa Wajerumani wa muungano wa Hansa. Ilikuwa na baraza la wananchi lililoitishwa kwa kengele, na ilikuwa ikiajiri watemi na kuwafukuza. Na jirani wa karibu kuliko wote, kama kilomita 170 tu kutoka Moscow, alikuwa Tver, ukoo uleule, dini ileile, na uhasama uliodumu vizazi vinne au zaidi.

Kalita: mtu wa mkoba

Kalita ni jina la utani, maana yake mkoba wa fedha wa kufunga kiunoni. Alirithi Moscow mwaka 1325 baada ya kaka yake Yuri kuuawa huko Orda na mtemi wa Tver, Dmitri, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa ameuawa hukohuko mwaka 1318 kwa fitina za Yuri. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Khan Uzbek alijua kabisa kwamba mradi Tver na Moscow wanagombana, kodi itakuja na heshima itakuja.

Mwaka 1327 watu wa Tver waliwainukia Watatari waliokuwa mjini mwao na kumuua Cholkhan, ndugu wa khan. Mtu mwingine angeona huo ni wakati wa Warusi kuungana. Ivan alifunga safari kwenda Sarai na kurudi na jeshi la Kitatari. Tver ikachomwa na mtemi wake Aleksandr akakimbia. Mwaka uliofuata khan akampa Ivan sehemu ya utemi mkuu, nyingine akampa mtemi wa Suzdal, na huyo alipofariki mwaka 1331 Ivan akachukua yote.

Faida yake ilikuwa ipi? Kwanza, mtemi wa Moscow akawa ndiye anayekusanya kodi ya khan kutoka kwa watemi wenzake. Anayeshika kodi ya wengine mkononi haishi bila cha kutia kibindoni. Pili, wanahistoria wa enzi hizo waliandika kwamba tangu hapo kukawa na utulivu wa miaka arobaini, Watatari hawakuivamia tena nchi ya Moscow. Wakulima na mafundi waliochoka kuchomewa nyumba walihamia pale penye usalama. Tatu, na pengine hili ndilo lililodumu kuliko yote, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, Metropoliti Pyotr, alifia Moscow mwaka 1326 na kuzikwa hapo, na mrithi wake Feognost akafanya makao yake hapohapo. Mji uliokuwa wa pembeni ukawa makao ya Kanisa, na Tver haikuweza kulijibu hilo kwa jeshi.

Ardhi yenyewe aliyoiongeza ni ndogo. Wasia wa mjukuu wake Dmitri unaitaja miji ya Galich, Beloozero na Uglich kuwa "manunuzi" ya babu, na wanahistoria wanabishana hadi leo ununuzi huo ulikuwa wa namna gani, kwa kuwa wasia za Kalita mwenyewe, ambazo zipo, haziitaji miji hiyo. Kwa msomaji anayetaka kuona ramani ikibadilika rangi, Kalita atamkatisha tamaa. Kwa anayetaka kuona mashine ikiundwa, hakuna kama yeye, na anasomeka haraka.

Kuna jambo moja la kukubali kabla ya kumchagua: si mtu wa kupendeka. Mwaka 1339 mtemi Aleksandr wa Tver, aliyekuwa amesamehewa na kurudishiwa kiti chake, aliitwa tena Orda na kuuawa pamoja na mwanawe, na mkono wa Ivan ulikuwamo. Kengele ya kanisa kuu la Tver ikapelekwa Moscow.

Donskoi: ushindi na majivu

Dmitri alirithi Moscow akiwa na miaka tisa. Utemi mkuu ulipotea mara moja, ukaenda kwa mtemi wa Suzdal, na ulirudi baada ya miaka mitatu kwa kazi ya wazee wa baraza lake, hasa Metropoliti Aleksei aliyekuwa kama mlezi wa dola. Mwaka 1366 kijana akamwoa Evdokia, binti wa mshindani yuleyule wa Suzdal, na ugomvi huo ukaisha. Mwaka 1367 akaanza kuizungushia ngome ya Moscow ukuta wa mawe meupe.

Ukuta ulikuja kwa wakati wake. Mikhail wa Tver alikuwa shemeji wa Algirdas, mtemi mkuu wa Lituania, na alijua kuutumia ushemeji huo. Algirdas alikuja Moscow mwaka 1368, akarudi 1370, kisha akatoka tena 1372. Mara mbili za kwanza alifika hadi chini ya ukuta, akachoma vijiji na kuondoka bila kuingia. Hatimaye mwaka 1375 Dmitri aliizingira Tver akiwa na msururu wa watemi wengine nyuma yake, na Mikhail akakubali kuitwa "ndugu mdogo" na kuachana na madai ya Vladimir. Kwa maoni yangu mwaka huo una uzito kwa suala la upanuzi kuliko hata 1380, ingawa hakuna anayeuchorea picha.

Tarehe 8 Septemba 1380 ikaja vita ya Kulikovo, pale mto Nepryadva unapoingia Don, na ndipo Dmitri alipopata jina lake. Alimshinda Mamai, jemadari aliyekuwa akiitawala sehemu ya Orda bila kuwa khan, kwa kuwa hakuwa wa damu ya Genghis Khan. Jogaila wa Lituania alikuwa njiani kumsaidia Mamai lakini hakuwahi. Idadi za askari zinazotajwa na maandiko ya kale, mamia ya maelfu kila upande, usiziamini. Wataalamu wa leo wanazishusha mno.

Shida ni kilichofuata. Mamai alishindwa mara ya pili, na khan halali, Tokhtamysh, akaikamata Orda nzima. Agosti 1382 alitokea Moscow. Dmitri alikuwa ameondoka kwenda Kostroma kutafuta askari, na mji ulilindwa na kijana wa Kilituania aitwaye Ostei. Watatari walimtoa nje kwa hila ya mazungumzo, wakaingia, wakachoma na kuua. Kodi ikarudi, na mtoto mkubwa wa Dmitri, Vasili, akapelekwa Orda kama rehani. Baadhi ya sarafu za fedha za wakati huo zina jina la mtemi mkuu Dmitri upande mmoja na jina la khan Tokhtamysh upande wa pili.

Ukisoma Donskoi bila 1382 umesoma nusu, na vipindi vingi vya kujivunia vita hukata hadithi hapo uwanjani. Lakini pia usimdharau. Katika wasia wake wa 1389 alimwachia Vasili utemi mkuu wa Vladimir kama mali ya baba, bila kusubiri hati ya khan, na Orda haikupinga. Katika wasia huohuo kuna kipengele kinachosema kwamba Mungu akija kuibadilisha Orda, na kodi ikawa haitolewi tena, kila mwana abaki na makusanyo ya fungu lake. Mtu aliyeuona mji wake ukiwa majivu miaka saba nyuma alikuwa tayari anawapangia watoto maisha baada ya Watatari.

Ivan wa Tatu: aliyengoja wengine wachoke

Ivan alizaliwa 1440, kitukuu wa Donskoi kwa upande mmoja na kitukuu wa Vytautas, mtemi mkuu wa Lituania, kwa upande mwingine, maana bibi yake Sofia alikuwa binti wa Vytautas. Baba yake, Vasili wa Pili, alitobolewa macho mwaka 1446 na binamu yake Dmitri Shemyaka katika vita vya kugombea kiti. Mtoto alikua akimwongoza baba kipofu, akatangazwa mtawala mwenza, na alipobaki peke yake mwaka 1462 alikuwa na miaka 22 na hakuwa na hamu yoyote ya kuwaamini ndugu. Hilo liweke akilini, litaeleza mengi.

Alianza na vinono vya karibu visivyo na kelele. Yaroslavl mwaka 1463, watemi wake wakaachia haki zao. Nusu iliyobaki ya Rostov akainunua 1474. Nchi ya Perm ikaingia 1472. Wakati huohuo alikuwa akishughulika na windo kubwa, yaani Novgorod.

Novgorod inafaa kusomwa polepole, kwa kuwa mbinu yake yote imo humo. Mwaka 1470 kundi la wakuu wa mji, wakiongozwa na familia ya Boretsky na mama yao Marfa, mjane tajiri mwenye sauti, walianza mazungumzo na Kazimir, mfalme wa Polandi na mtemi mkuu wa Lituania, ili awe mlinzi wao. Kisiasa ilikuwa busara: jirani wa mbali dhidi ya jirani wa karibu. Ivan hakusema wanatafuta uhuru. Alisema wanauza Uorthodoksi kwa Wakatoliki, na akatoka vitani kana kwamba anaenda kuokoa imani. Tarehe 14 Julai 1471, kwenye mto Shelon, askari wake wachache waliozoea vita waliwatawanya watu wa Novgorod waliokuwa wengi lakini wamekusanywa haraka haraka. Kazimir hakuja.

Hapo mtawala mwingine angeumeza mji. Ivan alitoza faini ya zaidi ya rubli 15,000, akaacha baraza na kengele vibaki, akarudi nyumbani. Mwaka 1477 wajumbe wa Novgorod wakamwita "gosudar", mwenye enzi, badala ya "gospodin", bwana. Baraza likakana kwamba liliwatuma kusema hivyo, na Ivan akalitumia kanusho hilo kama sababu ya kuzingira mji wakati wa baridi. Januari 1478 ukasalimu amri. Kengele ya baraza ikashushwa na kupelekwa Moscow, na Marfa akachukuliwa mateka. Kisha, mwaka baada ya mwaka katika miaka ya 1480, maelfu ya wenye ardhi wa Novgorod walihamishwa na mashamba yao wakapewa askari wa Moscow kwa sharti la utumishi. Kwa hatua moja alipata nchi, akaondoa wapinzani, na akapata jeshi la wapanda farasi asilolilipa mshahara.

Mwaka 1480 ndio wa hatari kuliko yote. Khan Akhmat alikuwa anakuja kudai kodi, Kazimir alikuwa amemwahidi msaada, Wajerumani wa Livonia (Latvia na Estonia za leo) walikuwa wakiupiga mji wa Pskov, na ndugu zake Ivan mwenyewe, Andrei na Boris, walikuwa wameasi na kukaa karibu na mpaka wa Lituania wakingoja bei nzuri. Ivan alisitasita hadi Vassian, askofu mkuu wa Rostov, akamwandikia barua ya kumkaripia. Akawaridhisha ndugu kwa ahadi za ardhi. Mnamo Oktoba, majeshi yakakutana kwenye mto Ugra. Warusi walishikilia vivuko kwa bunduki, mizinga na mishale kwa siku kadhaa, kisha pande zote mbili zikakaa zikitazamana. Kazimir hakutokea, maana Mengli Giray, khan wa Crimea na rafiki mpya wa Ivan, alikuwa amemshambulia kusini, na nyumbani kwake Lituania kulikuwa na fitina. Tarehe 11 Novemba Akhmat aligeuza farasi. Miezi miwili baadaye aliuawa na Watatari wengine.

Hakuna vita kubwa ya kuchorea picha pale Ugra, na ndiyo maana watoto wa shule hukumbuka Kulikovo. Lakini baada ya Kulikovo kodi ilirudi, na baada ya Ugra mtemi wa Moscow hakuwahi tena kuwa chini ya khan wa Orda.

Urafiki na Mengli Giray una uchafu wake, na sioni vizuri kuuficha. Mwaka 1482 khan huyo, kwa ushawishi wa Ivan, aliiteka na kuichoma Kyiv, mji mama wa Wakristo wa Urusi uliokuwa chini ya Lituania. Kutoka kanisa la Mtakatifu Sofia alimpelekea Ivan kikombe na sahani ya dhahabu ya ibada. Yule aliyekwenda Novgorod kutetea Uorthodoksi alizipokea. Ukitaka mtihani mmoja wa kupima tangazo lolote la "kukusanya nchi za Urusi", utumie huu.

Yaliyofuata yanakwenda kasi. Tver ikaisha 1485: mtemi wake Mikhail, shemeji wa Ivan kwa mke wa kwanza, alinaswa akiandikiana na Kazimir, akakimbilia Lituania usiku. Mwaka 1487 jeshi la Ivan likaiteka Kazan, mji wa Watatari kwenye Volga, likamwondoa khan na kumweka mwingine, Muhammad Amin. Hakuitawala moja kwa moja. Alichotaka ni jirani anayemsikiliza. Vyatka ikafuata 1489. Mwaka huohuo mjumbe wa Kaisari wa Wajerumani, Friedrich wa Tatu, aitwaye Nikolaus Poppel, alipendekeza kumwombea taji la ufalme, na akajibiwa kwamba watawala wa Moscow wamewekwa na Mungu tangu mababu na hawahitaji kuteuliwa na yeyote. Linganisha na Daniil wa Galicia, mtawala hodari wa kusini-magharibi, aliyepokea taji kutoka kwa Papa mwaka 1253 akitumaini msaada dhidi ya Wamongolia. Msaada haukufika, na kabla karne iliyofuata haijafika mwisho nchi yake ilikuwa imegawanywa kati ya Polandi na Lituania.

Lituania yenyewe Ivan aliimega kwa kuwavuta watu. Watemi wadogo wa Kiorthodoksi wa mpakani walihamia kwake pamoja na ardhi zao, na mwaka 1500 mmoja wa waliohama alikuwa Vasili Shemyachich, mjukuu wa yule Shemyaka aliyemtoboa macho baba yake Ivan. Alipokewa. Aleksander, mtemi mkuu wa Lituania, alikuwa mkwe wa Ivan tangu 1495, na Ivan alidai binti yake Elena analazimishwa kubadili dini. Vita ikapata jina tukufu. Tarehe 14 Julai 1500, tarehe ileile ya Shelon, jemadari Daniil Shchenya aliwavunja Walituania kwenye mto Vedrosha na kumkamata kamanda wao, Konstanty Ostrogski. Mapatano ya 1503 yaliiachia Moscow Chernigov, Bryansk, Starodub na miji mingine, karibu theluthi ya ardhi ya Lituania. Smolensk haikupatikana, ilimngoja mwanawe hadi 1514.

Katika haya yote Ivan alionekana vitani mara chache sana. Herberstein, balozi wa Kaisari wa Wajerumani aliyefika Moscow wakati wa mwanawe, anaeleza kwamba Stefan wa Moldavia, mkwe mwenzake wa Ivan, alikuwa akisema Ivan anapanua dola akiwa amekaa nyumbani, ilhali yeye Stefan anapigana kila siku na kwa shida analinda mipaka.

Ukiwaweka ubavu kwa ubavu

Kwa ardhi hakuna mashindano. Kalita aliongeza kidogo, Donskoi kiasi cha kuheshimika, Ivan aliikuza nchi aliyoirithi takribani mara tatu. Kwa njia, Kalita alimtumia khan dhidi ya ndugu zake, Donskoi alijaribu kuwapiga wote, na Ivan aliwafanya majirani wapigane wao kwa wao, au angalau wasifike siku moja. Naona hapo ndipo anapowazidi: Kazimir na Akhmat kwa pamoja wangemmaliza, na hawakukutana hata mara moja.

Kwa gharama, zamu inageuka. Dola la Ivan lilijengwa juu ya mji huru uliovunjwa, ndugu Andrei aliyefia gerezani mwaka 1493, na mjukuu Dmitri aliyevikwa taji kanisani 1498 kisha kufungwa 1502 ili Vasili, mwana wa mke wake wa pili Sofia Palaiologina, arithi. Na ushindi wake mwingine haukudumu: mwaka 1505 Kazan iliasi na kuua wafanyabiashara Warusi. Donskoi kwa upande huu ni binadamu zaidi, na ukitaka mtu wa kumhurumia msome yeye.

Kwa vyanzo, Ivan anashinda tena. Kutoka wakati wake kuna vitabu vya kumbukumbu za mabalozi, pamoja na Sudebnik, mkusanyo wa sheria wa 1497. Unaweza kumfuatilia akijadiliana na Crimea barua kwa barua. Kalita amebakiza wasia na mistari ya maandiko ya watawa. Donskoi ana maandishi mengi, lakini mengi kuhusu Kulikovo yaliandikwa vizazi baadaye, yakijaza mazungumzo na miujiza.

Hivyo, nani achague nani

Mwanafunzi wa sekondari au chuo mwenye insha kuhusu sababu za kukua kwa Moscow atafanya vema kuchukua Kalita na Ivan, na kumtaja Donskoi kwa mwaka 1375 na wasia wa 1389. Mwalimu anayetaka darasa libishane achukue Ivan na Novgorod: nani alikuwa na haki, mji uliotafuta mlinzi mwingine au mtemi aliyedai ni urithi wa mababu? Mpenzi wa mbinu za vita aende Kulikovo bila aibu, ila asome na Vedrosha, ambayo iliamua mambo mengi zaidi. Anayevutiwa na fedha na uongozi wa chini kwa chini, Kalita ni wake.

Kwa Watanzania, Wakenya na wengine wetu wanaokwenda kusoma Moscow, jambo hili lina ubavu wa kuonekana kwa macho. Kuta nyekundu za Kremlin ni za Ivan, zilijengwa kati ya 1485 na 1495 na mafundi wa Kiitaliano, na kanisa kuu la Kupalizwa lililomo ndani, la 1479, ni kazi ya Aristotele Fioravanti wa Bologna. Za Donskoi, zile za mawe meupe, hazipo tena. Uwanja wa Kulikovo uko mkoa wa Tula na mto Ugra uko Kaluga, vyote kusini mwa jiji. Ukipata siku moja tu ya kutoka, Kaluga ni karibu zaidi.

Tahadhari moja kuhusu vitabu, yeyote utakayemchagua. Urusi wa kale si Urusi ya leo. Ukraine na Belarus pia hutoka humo, na kila upande huandika historia hii ukiangalia mipaka ya sasa. Kitabu kinachoita kila hatua ya Moscow "kuunganisha", na kila hatua ya Lituania "kuvamia", kimeshakuchagulia mshindi kabla hujafungua ukurasa. Kile kinachofanya kinyume chake kina kasoro hiyohiyo.

Ukiamua kwenda na Ivan, usianze na ndoa yake na Sofia Palaiologina, mpwa wa mfalme wa mwisho wa Konstantinopoli, ingawa filamu huanzia hapo. Anza na Shelon hadi 1478, ruka hadi Ugra, kisha Tver, na umalizie na mpaka wa Lituania kati ya 1492 na 1503. Ndoa, tai mwenye vichwa viwili kwenye muhuri wa 1497 na ugomvi wa kurithi kiti vyote vinaweza kungoja.